Nimemaliza nyumba Kange, silipwi: mahakamani, kwenye usuluhishi au kwa mwenyekiti wa mtaa?

Fundi_Mabawa: Wakuu, nyumba imekwisha, mwenyewe kahamia, hela yangu imebaki na simu hapokei. Njia ipi ina nafuu hapa Tanga?

Saiti_Tanga: Unadai ngapi? Mkataba upo? Umesajiliwa Bodi ya Makandarasi? Mteja ni mtu binafsi au taasisi? Ikiwa ni halmashauri kuna notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki.

Mama_Leja: Kama haizidi milioni 30, Mahakama ya Mwanzo. Anza na barua ya madai, mpe siku 14, nakala asaini. Usuluhishi waachie wenye maghorofa, msuluhishi mnamlipa wenyewe.

MzeePongwe: Binti, usimtishe mwenzio. Baraza la Taifa la Ujenzi lipo tangu 1979, usuluhishi wa migogoro hii ni moja ya kazi zake. Wanakaa watu wanaojua lenta ni nini. Hakimu utamfundisha ujenzi kuanzia msingi.

Mama_Leja: Shikamoo mzee. Ila neno ni moja, vitu viwili. Usuluhishi wa mahakamani ni kupatanishwa tu, mkishindwana kesi inaendelea. Ule wa Sheria ya Usuluhishi ya 2020 unatoa tuzo, yaani uamuzi, na tuzo inawafunga nyote wawili.

Jongoo_wa_Duga: Mimi yamenikuta. Nilijenga fremu sita za maduka, mkataba nikaunakili wa jamaa pale steshenari, nikabadili majina tu. Nimefika mahakamani, wakili wa upande wa pili kasimama na kifungu cha mwisho: mgogoro uende kwa msuluhishi kwanza. Sikuwahi hata kukisoma! Kesi ikasimamishwa, miezi minane imekwenda na maji. Tulipokaa kwa msuluhishi, kazi za nyongeza zote zikaniangusha. Kibaraza niliongeza, ukuta nilihamisha, vyote kwa mdomo, na fundi aliyeshuhudia yuko Kilindi analima. Nililipwa nusu, na nusu ya hiyo nikamlipa wakili.

Fundi_Mabawa: Ni mtu binafsi. Mkataba ni karatasi ya daftari na meseji za WhatsApp. Usajili bado nashughulikia. Jumla milioni 34, humo 9 za nyongeza.

Saiti_Tanga: Si ungesema mwanzo! 34 ni Mahakama ya Wilaya. Na hilo la usajili mwone wakili kabla hujafungua chochote, upande wa mteja wataanza nalo.

Mama_Leja: Meseji usifute hata moja. Tangu sheria ya 2015 ya miamala ya kielektroniki zinapokelewa kama ushahidi.

MzeePongwe: Adai 25 Mahakama ya Mwanzo, yaishe.

Mama_Leja: Basi hizo 9 azisahau, mzee. Huwezi kumega deni moja ukalishtaki mara mbili.

Saiti_Tanga: Kwani mteja mwenyewe anasemaje?

Fundi_Mabawa: Anasema plasta inabanduka.

Jongoo_wa_Duga: Aaah! Mchanga wa pwani huo. Chumvi.

MzeePongwe: Si lazima chumvi. Vijana siku hizi hammwagilii plasta maji, inakauka siku moja.

Fundi_Mabawa: Nilimwagilia wiki nzima. Mchanga kaleta yeye na lori lake.

Saiti_Tanga: Hilo nalo mliandikiana?