Kurudia takbira: ni Ibilisi au shetani wa kupungwa?

Mkoani_Juu: Asalaam alaykum. Kuna kijana wa miaka 19, kila akihirimia, yaani akianza sala kwa kusema Allahu Akbar, hurudia takbira hiyo mara tano, sita, mpaka imamu keshainuka kwenye rukuu. Udhu nao humaliza makopo na makopo. Kwao wanasema kapandwa na shetani, apelekwe kilingeni kwa mganga akapungwe, atolewe pepo. Shetani huyu ndiye Ibilisi tuliyesomeshwa chuoni, madrasa, au mwengine?

Maalim_Mtoni: Waalaykum salaam. Neno shetani hapa kwetu limebebeshwa mizigo miwili. Ruhani, kibuki na wenzao wanaopandishwa kwa ngoma na ubani ni habari ya kilinge. Ibilisi ni yule aliyekataa kumsujudia Adam kwa hoja kuwa yeye wa moto na Adam wa udongo. Suratul Kahf aya ya 50 inasema alikuwa katika majini, ingawa wapo wafasiri wa zamani waliomtia kundi la malaika. Silaha yake ni wasiwasi, yaani kumnong'oneza mtu moyoni. Surat Ibrahim aya ya 22, Siku ya Kiyama atawaambia waliomfuata kuwa hakuwa na mamlaka juu yao, ila aliwaita wakaitika. Sasa utapunga nini hapo?

Shetani wa kwenye sala ana jina lake, Khinzab. Hadithi iko Sahih Muslim, kutoka kwa Uthman bin Abil-As: ukimhisi, jikinge kwa Mwenyezi Mungu na uteme kushoto mara tatu. Ni kupuliza kwenye unyevu kidogo tu, si mate ya tambuu juu ya busati la msikiti!

Kata_ya_Maji: Mie naongeza fiqhi, hukumu za ibada. Kwetu Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, nia huenda pamoja na takbira, na hapo ndipo kijana anaponasa: anataka kila herufi ya Allahu Akbar iwe na nia yake. Imamu Nawawi, akiwafuata Imamul Haramayn na Ghazali, wote wanazuoni wa madhehebu yetu, kachagua wepesi: yatosha ikiwa kwa desturi ya watu huyo hahesabiwi kaghafilika na sala yake.

Balaa lenyewe liko kwenye kurudia. Takbira ya pili, akiileta kwa nia ya kuhirimia tena, inamtoa kwenye sala. Ya tatu inamwingiza, ya nne inamtoa. Akiishia ya sita anarukuu na watu naye hayumo! Ashike ya kwanza.

Udhu ni mara tatu kila kiungo, kuzidisha ni makuruhu, si dhambi ila hakupendezi. Mtume (SAW) akitawadha kwa mudi moja, haifiki hata lita. Apimiwe kopo moja. Shaka ikija keshamaliza, aipuuze.

Mkoani_Juu: Na akisali peke yake, hajui kasali rakaa tatu au nne?

Kata_ya_Maji: Ashike tatu, aongeze moja, asujudu sijida mbili za kusahau kabla ya salamu.

Maalim_Mtoni: Muangalieni na mikono. Kama anaiosha mpaka inachubuka hata nje ya sala, hayo yanaweza kuwa maradhi, aonwe na daktari pia. Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili Unguja, si pahala pa wendawazimu peke yao.