Mrejesho: BMS (saketi inayolinda betri) ilikuwa inakata chaji betri ikikaribia kujaa

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini betri yangu ya sola ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya seli 16 inakatwa na BMS jua likiwa kali, inveta inapiga alamu.

Chanzo ni volti za kuchajia: ziliwekwa 58.4, yaani 3.65 kwa seli, ukomo kabisa. Seli moja ikitangulia kujaa, BMS inakata hata nyingine zikiwa bado.

Nimeshusha hadi 56.0, floti (volti za kuitunza ikishajaa) 54.0, na kuzima ikwalaizesheni (kuchaji kwa volti za juu ili kusawazisha seli), hiyo ni ya betri za maji. Kwenye seti za inveta, aina ya betri iwe USE (ya kujiwekea namba mwenyewe) kwanza, la sivyo inveta yangu haikubali namba mpya.

Tena pimeni kwa multimita kwenye vichwa vya betri wakati inachaji: inveta ilisoma 56.0, betri 55.4. Nati ya kebo chanya ilikuwa imelegea na inachemka! Imekazwa, na seli yenye volti za juu zaidi sasa inaishia 3.53.