Okteni 91, 95 au 98? Na ethanoli je, gari lipi linaifaa?

MlangoWaTangi
Habari wakuu. Nina magari mawili, na kila nikifika kwenye pampu nabaki nimeduwaa. La kwanza ni jipya kiasi, injini ndogo yenye turbo, na ndani ya mlango wa tangi pameandikwa RON 95 (ndiyo okteni), E10. La pili ni la mzee wangu, la kabureta, linaloegeshwa kuliko linavyotembea. Pampu zina 91, 95 na 98. Kuna E5 na E10, na pembeni E85 ya bei chee. Namba ya E ni kiwango cha juu cha ethanoli (alkoholi) kwa asilimia. Mmoja kaniambia 98 ina nguvu, mwingine ethanoli inaua injini. Naomba mnilinganishie, gari kwa gari.

SpanaKumi
Mkuu, tuanze na hiyo "nguvu". Okteni haipimi nguvu. Inapima mafuta yanavumilia kiasi gani kubanwa na joto kabla hayajawaka yenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Yakiwaka hivyo, injini inagonga: unapanda mlima kwa gia kubwa, unasikia kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo. Kipimo kina ncha mbili, kimiminika cha iso-okteni kimepewa 100 na cha heptani 0. Petroli ya 95 inavumilia sawa na mchanganyiko wa 95 kwa 5 wa hizo mbili. Basi.

Turbo inashindilia hewa kwenye silinda, kwa hiyo 95 hapo si pambo. Ukiweka 91, sensa itasikia injini ikigonga, kompyuta itachelewesha cheche, na gari litakuwa zito na kula mafuta zaidi. Ulichookoa kwenye bei kinarudi kulekule. Na 98 kwa gari lililoandikiwa 95 ni kulipia kitu ambacho injini haina pa kukitumia.

BibiGereji
Spana, hapo mwisho umefunga mlango mapema mno. Joto kali, gari limejaa watu na mizigo, mlima mrefu: turbo ya 95 huwa tayari imerudisha taimingi nyuma (imechelewesha cheche), na hapo 98 inaweza kuleta tofauti unayoihisi mguuni. Kwa mizunguko ya mjini ndiyo, ni hasara tupu.

La mzee ni habari nyingine. Kabureta haina sensa wala kompyuta. Sensa yake ni sikio la dereva. Nyingi za zamani zina mgandamizo mdogo na 91 inazitosha, ila angalia kitabu chake kwanza. Kwake siogopi okteni, naogopa ethanoli.

Themanini_na_7
Samahani nadandia uzi. Gari langu limetoka Marekani, kitabu kinasema 87. Mbona pampu zinaanzia 91?

SpanaKumi
Ndugu, hiyo 87 si RON. Okteni hupimwa kwenye injini ya maabara yenye silinda moja, kwa njia mbili: RON kwa mizunguko 600 kwa dakika, na MON kwa mizunguko 900 huku mchanganyiko ukipashwa moto. MON hutoka ndogo. Marekani wanaandika wastani wa hizo mbili. 87 yao ni takriban RON 91, na 91 yao inakaribia 95. Weka 91 ulale.

MkemiaWaJioni
Nije kwenye ethanoli, maana ndiyo inayosingiziwa. Yenyewe ina RON inayokaribia 109, na ndiyo maana wachanganyaji wanaipenda. Zamani kazi ya kupandisha okteni ilifanywa na madini ya risasi, tangu uwezo wake huo ulipogunduliwa mwaka 1921. Nchi ya mwisho kuacha kuwauzia wenye magari petroli ya risasi ilikuwa Algeria, 2021. Ila msidhani 95 yenye E10 ni 95 halafu ethanoli inaongeza juu yake. Namba ya pampu imeshahesabu kila kitu.

Hasara yake ni kwamba lita moja ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja. Kwenye E10 hiyo ni kama asilimia 3, mguu mzito tu unaimeza.

Kwa gari la mzee shida ni mbili. Mipira na sili za zamani hazikutengenezwa kwa ethanoli. Zinalainika, kisha zinapasuka. Pili ni maji. Ethanoli hunywa unyevu wa hewani, na E10 ikifikisha kama nusu ya asilimia moja ya maji, mchanganyiko unakatika: maji na ethanoli vinazama chini ya tangi, pale pale bomba linapovutia. Petroli iliyobaki juu imepoteza ethanoli, kwa hiyo hata okteni imeshuka. Gari linalolala wiki kwa wiki ndilo linalokutwa na hayo. Mpe E5 au isiyo na ethanoli kabisa, na tangi likae limejaa ili hewa isipate nafasi.

MlangoWaTangi
Shukrani sana. Na ile E85 ya bei chee kwa turbo?

BibiGereji
Usiguse! Mlango wako umeandikwa E10, huo ndio mpaka. Petroli inataka hewa kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta, E85 kama 9.8. Nozeli zako haziwezi kumimina kiasi hicho, injini itakosa mafuta na taa itawaka. E85 ni ya magari ya mafuta mseto, yaliyotengenezwa kuchoma petroli na ethanoli kwa mchanganyiko wowote hadi E85.

MkemiaWaJioni
Hata kwa wenye hayo magari, bei ya pampu peke yake inadanganya. Brazil, ambako mseto ulianza kuuzwa 2003, madereva hugawa bei ya ethanoli kwa bei ya petroli: ikizidi 0.70 wanajaza petroli. Kwa E85 mpaka ni kama 0.75.

MlangoWaTangi
Basi turbo 95 ya E10, na 98 nikisafiri na mizigo milimani. La mzee 91, lakini hapa 91 yote ni E10. E5 ni ya 98 tu.

BibiGereji
Mpe hiyo 98. Safari hii unalipia uhaba wa ethanoli, si okteni. Na kabla hujajaza, badilisha mipira ya mafuta na filta. Ukikuta vumbi jeusi ndani ya filta, ujue mipira imeshaanza kuliwa.