Kuagiza miwani ya vipimo mtandaoni: tupeane uzoefu, mliofaulu na mliopata hasara

Mwalimu wa Kasarani
Hamjambo wenzangu. Miwani yangu imevunjika mkono wa kushoto. Nimeufunga kwa selotepu na ndivyo ninavyosahihisha mitihani wiki ya pili sasa. Nimezunguka maduka ya mjini, kuanzia Kenyatta Avenue nikateremka hadi Moi Avenue, na bei ya chini kabisa niliyotajiwa ni shilingi 11,500, fremu na lenzi. Mtandaoni naona miwani ya aina hiyo hiyo kwa 3,000 na kitu. Macho yangu ni -4.75 kulia na -5.25 kushoto (alama ya kutoa ni ya sisi tusioona mbali), kwa hiyo nikiivua simtambui mwanafunzi wa dawati la pili. Sina pesa za kujaribu mara mbili. Mlioagiza, nielezeni ilivyokuwa, na hasara msinifiche.

Mama Pacha
Mwalimu, pole sana. Mimi nimeagiza mara tatu. Mbili zilinifaa, na moja ilinitesa, basi nikueleze hiyo.

Karatasi niliyopewa baada ya kupimwa ilikuwa na SPH (nguvu ya lenzi), CYL na AXIS (nguvu na mwelekeo wa kurekebisha jicho lisilo duara sawasawa) kwa kila jicho. PD, yaani umbali kati ya mboni na mboni, haikuandikwa. Kwenye fomu ya kuagizia nikakuta 63 imeshajazwa, nikaiacha vile vile. Miwani ikaja siku ya kumi na tisa, nyepesi, nzuri, kila mtu kanisani akaisifu. Siku za kwanza nilijiambia ni kuzoea tu. Kufikia siku ya nne kichwa kilikuwa kinanigonga kila ikifika saa nane mchana, na ngazi za ploti naziona kama zinaniinukia. Nilikuwa nashuka nimeshika ukuta kama mgonjwa.

Nikampelekea fundi wa lenzi. Akaiweka kwenye mashine yake, akatia nukta ya wino pale penye kitovu cha kila lenzi, kisha akanivalisha na kuniambia nitazame mbali, mlangoni. Akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe ili nione. Nukta zote mbili zilikuwa zimekaa nje ya mboni, upande wa masikio. PD yangu ni milimita 57. Vipimo vya macho vilikuwa sahihi kabisa, ila kwa wiki nzima nilikuwa natazama pembeni mwa lenzi. Shilingi 3,400 zikaenda hivyo.

Dereva wa Rongai
Mimi kosa langu lilikuwa alama moja. Nilitakiwa kuchagua -1.75, nikabonyeza +1.75. Kwenye simu orodha ni ndefu na kidole changu ni kinene. Nilipoivaa stejini, mataa ya magari yakawa maputo. Muuzaji alikataa kunirudishia pesa, na nikifungua oda yangu naona ni kweli, nilijaza mwenyewe. Tangu siku hiyo mke wangu ananisomea karatasi kwa sauti, jicho moja baada ya jingine, alama kwanza halafu nambari, ndipo naweka PIN ya M-Pesa.

Fundi wa lenzi
Nafanya kazi hii kila siku, kwa hiyo niseme kidogo. Alichopata Mama Pacha ndicho ninachokutana nacho zaidi ya yote. Lenzi ina kitovu, na kitovu hicho kinafaa kikae mbele ya mboni. Kikihama, lenzi inaanza kuvuta picha upande, na macho yanahangaika kuunganisha picha mbili. Lenzi ikiwa na nguvu, inavuta zaidi. Mwenye -1.00 anaweza asihisi lolote. Wewe Mwalimu, kwa -5, milimita tatu utazilipia kwa kichwa.

Siku ya kupimwa, omba PD iandikwe. Omba kwa heshima ila usitoke bila hiyo. Ukishindwa, tafuta mtu mtulivu na rula ya milimita. Mkae mkitazamana, umbali wa mkono ulionyooshwa, rula ikiwa kwenye paji la uso wako, juu kidogo ya macho. Wewe tazama mbali, juu ya bega lake, usimtazame yeye. Afumbe jicho lake la kulia, aweke sifuri mbele ya mboni yako ya kulia. Kisha, bila rula kusogea hata kidogo, afumbe la kushoto, afungue la kulia, asome nambari iliyo mbele ya mboni yako ya kushoto. Arudie mara tatu. Kama nambari zinatofautiana sana, rula ilisogea.

Jambo la pili, geuza miwani yako ya zamani utazame ndani ya mkono. Utaona kitu kama 52, 18, 140. Hiyo 52 ni upana wa lenzi, 18 ni nafasi ya pua, 140 ni urefu wa mkono. Jumlisha mbili za kwanza upate 70. Kama PD yako ni 60, kila kitovu lazima kisogezwe ndani milimita tano, na kwa macho ya -5 ukingo wa nje utakuwa mnene kama chini ya glasi. Chukua fremu ndogo, 46 au 48, kisha lenzi ya 1.61 au 1.67 badala ya 1.50; nambari hiyo ikiwa kubwa, lenzi ya nguvu ile ile inakuwa nyembamba. Watu hulipia lenzi nyembamba halafu wanachagua fremu pana, faida yote inapotea.

Mshonaji wa Kariokor
Na sisi tuliopita miaka arubaini je? Niliagiza zile progresivu, mbali juu na karibu chini. Sehemu ya kusomea iko chini mno, kutunga uzi lazima niinue kidevu hadi shingo iume.

Fundi wa lenzi
Pole mama. Progresivu huhitaji pia urefu wa mboni kutoka ukingo wa chini wa fremu, na huo hupimwa fremu ikiwa usoni mwako. Hizo zinunue dukani. Au agiza miwani mbili za kawaida, moja ya kazi ya karibu, moja ya kutembelea.

Baba Tisa
Naomba niongeze moja, nalo naliongea kwa moyo wote. Miwani agiza popote, lakini kupimwa usikuruke, wala usitumie karatasi ya miaka minne iliyopita. Nilienda hospitali ya macho ya Lions kule Loresho nikitaka nambari tu, niagize. Wakanikuta na presha ya macho. Sikuwa na maumivu, sikuwa na dalili yoyote. Sasa natia matone kila usiku. Ningejaza fomu kwa nambari za zamani ningekuwa naona vizuri katikati huku pembeni panazimika polepole.

Dereva wa Rongai
Ee, na uulize kama bei ina ushuru ndani. Mzigo wangu wa pili ulitoka nje ya nchi, nikaongezwa pesa siku ya kuuchukua.

Mwalimu wa Kasarani
Ndugu zangu, asanteni. Nilirudi kupimwa na kushoto kumeongezeka, sasa ni -5.50. Niliomba PD wakaniandikia 60. Dada yangu kwa rula alipata 61, 60, 60. Nikachukua fremu ya 47 na lenzi ya 1.67, jumla 5,200 pamoja na kuletewa.

Imefika leo, siku ya kumi na sita. Nimeivaa tangu saa nne asubuhi na kichwa kimetulia. Ukingo unaonekana, ila si kama ile ya zamani. Shida ni moja, upande wa kulia umekaa juu kidogo ya kushoto. Fundi, huo mkono naweza kuukunja mwenyewe kwa maji ya moto au niupeleke kwa mwenzako?

Fundi wa lenzi
Usiguse maji ya moto, yataharibu ule utando uliopakwa juu ya lenzi. Peleka duka lolote la miwani lililo karibu nawe. Ni kazi ya dakika mbili, wengi hawakutozi.