Mjadala: Wadi za madiwani zilizofutwa 2013, zirudishwe au zisahaulike?

Mwanzisha mada (Mombasa)

Tazameni orodha ya wadi za eneobunge la Mvita, hapa Mombasa: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Shimanzi/Ganjoni, Majengo. Ni tano tu, na mbili kati yake zina mkwaju (/) katikati ya jina. Mitaa miwili imefungwa kamba moja, kisha wakazi wanaambiwa mwakilishi wao ni mmoja.

Kwa waliozaliwa juzi, hadi uchaguzi wa Machi 4, 2013 tulikuwa na mabaraza 175 ya serikali za mitaa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Sura ya 265): ya majiji, manispaa, miji na kaunti za enzi ile. Kila wadi ilimchagua diwani, na madiwani wakamchagua meya au mwenyekiti. Uchaguzi wa 2007 ulikuwa na wadi karibu 2,500. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) ikachora mipaka upya mwaka 2012, na tulipokwenda debeni tukakuta wadi 1,450. Wadi kama elfu moja hivi zilitoweka, na sijawahi kusikia mkutano wa hadhara hata mmoja ukizilia.

Pigeni hesabu. Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya milioni 38.6. Kwa mgawanyo wa zamani, diwani mmoja alikuwa na watu kama 15,000. Kwa ule mpya, MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) mmoja ana zaidi ya 26,000, na kwa sensa ya 2019 (milioni 47.6) amefika karibu 33,000. Halafu twashangaa kwamba hapokei simu.

Msimamo wangu: wadi ziongezwe, na pa kuanzia pawe ramani ya wadi za 2007. Wala haihitaji kura ya maamuzi. Katiba, kifungu cha 89, imefunga idadi ya maeneobunge kuwa 290, lakini 1,450 ya wadi imo kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 26. Bunge likitaka, laweza kuibadilisha.

Mkazi wa Kariokor (Nairobi)

Ndugu, hesabu yako ya kitaifa inaficha mambo. Nairobi ilikuwa na wadi 55 za Baraza la Jiji, leo zipo 85. Maeneobunge yalikuwa 8, sasa 17. Huku kwetu ukituambia turudi kwenye ramani ya 2007 unatunyang'anya wadi 30. Mkwaju tunao pia (Ziwani/Kariokor, Parklands/Highridge) lakini hatujafa.

Tena hizo wadi za zamani unazisifu kana kwamba kura zilikuwa zinapigwa. Baraza la Jiji lilivunjwa 1983, likawekewa makamishna walioteuliwa, na tukakaa hivyo hadi uchaguzi wa 1992. Wadi zilikuwepo kwenye ramani, diwani hayupo.

Mwalimu mstaafu (Busia)

Ahsante kwa kutaja enzi zile, maana vijana hudhani diwani wa zamani alikuwa malaika wa mtaa. Mwaka 1988 chama kilikuwa kimoja na mchujo wake ulikuwa wa mlolongo. Ulisimama nyuma ya wakala wa mgombea wako, mchana kweupe, chifu anakuona, mwajiri wako anakuona, mkwe wako anakuona. Mgombea ubunge aliyepata zaidi ya asilimia 70 hapo alikuwa amemaliza. Kura ya siri haikumhusu. Malalamiko ya mlolongo mfupi kutangazwa mshindi yalisikika nchi nzima.

Vyama vingi viliporudi 1992, bado ulihitaji tiketi ya chama. Mgombea huru hakuruhusiwa mpaka Katiba ya 2010. Na juu ya waliochaguliwa, Waziri wa Serikali za Mitaa aliwaongeza madiwani wa kuteuliwa. Kwa hiyo anayesoma matokeo ya wadi ya zamani asidhani anasoma mawazo ya wananchi moja kwa moja. Mengi yaliamuliwa kabla ya siku ya kura.

Mlipa ushuru

Wadi elfu zaidi maana yake mishahara elfu zaidi, marupurupu elfu zaidi, na safari za mafunzo Mombasa. Hapana.

Karani wa zamani wa baraza la mji

Nimefanya kazi ndani ya mabaraza hayo na naona nyote mnabishania mipaka ilhali kilichopotea ni kingine.

Diwani alikuwa mdogo, lakini alikaa kwenye kamati iliyokuwa na kitu mkononi. Soko, stendi ya matatu, leseni ya kibanda, taka, makaburi. Mama wa nyanya alikatiwa tiketi ya baraza asubuhi, na lango la soko likivunjika alijua aliyepitisha ada ile ni nani, maana alimpigia kura. Mabaraza yalikuwa na wizi mwingi, sikatai, na kuchagua meya kulikuwa biashara: madiwani walifichwa hotelini hadi siku ya kura. Pesa nazo zilitegemea Nairobi. Ule mfuko wa LATF, fedha za serikali kuu kwa mabaraza, ulikuwa asilimia 5 ya kodi ya mapato. Lakini mji ulikuwa na watu waliochaguliwa na mji.

Leo chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, manispaa inaongozwa na bodi. Wanabodi hawasimami kwenye debe. MCA anakaa makao makuu ya kaunti akipitisha bajeti ya kaunti nzima. Hata ukimpunguzia eneo liwe robo, hatarudi kusimamia mtaro wa stendi. Mkitaka dawa, wekeni wanabodi wa kuchaguliwa na wakazi. Au tumieni vitengo vya vijiji vilivyomo kifungu cha 48 cha ile Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ambavyo kaunti nyingi zilichelewa kuvianzisha.

Mwanzisha mada (Mombasa)

Karani, la bodi nakubaliana nawe kabisa, tena ningependa liwe mada yake. La vijiji hapana. Msimamizi wa kijiji huajiriwa, na wajumbe wa baraza la kijiji huidhinishwa na bunge la kaunti. Kura ya mwananchi iko wapi hapo?

Ndugu wa Kariokor, sijasema Nairobi ipunguziwe. Mlipoongezewa wadi 30 mlipata uwakilishi wa karibu, na sijasikia ukizikataa. Nauliza kwa nini nyongeza hiyo ilikuwa halali kwenu na kwingineko ikawa mzigo.

Mlipa ushuru, mishahara inaweza kupunguzwa kwa kila mmoja. Diwani wa zamani hakuwa na ofisi yenye wafanyakazi.

Kuhusu ramani ya 2007: Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Ile ya mwisho ilikuwa Machi 2012, kwa hiyo muda ulikwisha Machi 2024, wakati ambapo IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja ofisini. Wapya waliapishwa Julai 2025. Kazi hiyo ikianza, ninataka matokeo ya madiwani ya 1992, 1997, 2002 na 2007 yawekwe mezani wadi kwa wadi. Mamlaka ya Mpito, iliyosimamia kuhama kutoka mabaraza kwenda kaunti, ilipewa jukumu la kukagua mali na madeni ya mabaraza. Historia ya kura haikuwa mali wala deni, basi ikakosa mrithi. Na hiyo ndiyo inayoonyesha mitaa gani ilizoea kuamua pamoja na mitaa gani imelazimishwa ndoa.

Mkazi wa Kariokor (Nairobi)

Yawekwe, lakini Mwalimu amekwisha kukueleza kura zile zilipatikanaje. Na mipaka yenyewe ya zamani ilichorwa na wakubwa wa enzi zile kwa faida yao. Wewe wataka tume ichore wadi mpya kwa kufuata kalamu yao?

Mwalimu mstaafu (Busia)

Ya 2002 naiamini zaidi kidogo, kura zilihesabiwa vituoni mbele ya mawakala. Anzeni na hiyo. Ya 1992 msinipe kabisa.