Kikundi cha waandishi Nakuru: maktaba, hoteli au Nyayo Gardens?

KalamuYaBondeni
Wadau, habari zenu. Tuna kikundi kidogo cha waandishi hapa Nakuru. Kila mtu anakuja na kazi yake, anasoma, wengine wanachambua. Tulikuwa tunakutana sebuleni kwa mwenzetu lakini amehama. Sasa tumebaki na pa kuchagua patatu: maktaba, chumba cha juu cha hoteli moja mjini (bure mradi tunywe chai), au nyasi za Nyayo Gardens. Wapi bora? Nataka kuwatumia wenzangu ujumbe leo jioni.

MamaPacha_Lanet
Bora kwa nani? Mko wangapi, siku gani, saa ngapi? Mnasoma kwa sauti ama mnapeana karatasi? Usiposema hayo tutakupigia ramli tu.

Njoro_Kwetu
Nyayo Gardens. Hakuna wa kukuuliza umeagiza nini. Hadithi zangu zote nimezimalizia pale chini ya mti.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu yangu, kuandika peke yako chini ya mti ni kitu kimoja, kusomea watu ni kingine. Pale kuna mhubiri na spika yake, kuna wapiga picha, na mvua ya Nakuru mnaijua ikifika saa tisa. Karatasi zikilowa? Nendeni maktaba.

Shabab_58
Maktaba watu hunyamaza, Mwalimu. Watasomeana kwa ishara?

Mwalimu Mstaafu
Unamwona mkutubi mapema, unaomba chumba. Kijana, mdomo haukuumbiwa kubisha tu.

MamaPacha_Lanet
Habari za hoteli niulizeni mimi. Jina siitaji. Tulikuwa sita, tukapewa chumba cha juu kwa masharti hayo hayo ya chai. Jumamosi ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili nikasoma hadithi yangu ya mazishi ya baba, kazi niliyoihangaikia miezi minne. Nimefika pale jeneza linaanza kushushwa, kamba zinalia, mama ameziba mdomo kwa leso, mara huko chini mhudumu anapaza sauti: "Chipsi mbili, moja isitiwe chumvi!" Kuna aliyecheka. Nikaanza aya upya. Mpira nao ukaanza kwenye runinga, bao likaingia, meza zikagongwa. Kumaliza tu, mhudumu akapanda na bili: chai sita, mandazi kumi na mawili ambayo hakuna aliyeyaagiza (yaliletwa tu mezani, na sisi tukayala), pamoja na sahani iliyovunjika ambayo hata hatukuiona. Ile hadithi sijaisoma tena mbele ya watu.

Shabab_58
Pole dada. Lakini hizo chipsi ungeziacha humo ndani ya hadithi, ingenoga.

MamaPacha_Lanet
Wewe kaa hapo hapo.

KalamuYaBondeni
Samahani, nilisahau. Tuko tisa, siku nyingine kumi na mmoja. Jumamosi alasiri. Tunasoma kwa sauti kwa sababu hela ya fotokopi hatuna.

Njoro_Kwetu
Hapo ndipo mnapokosea. Sauti tamu huficha uandishi mbovu. Tumianeni kazi kwenye WhatsApp siku tatu kabla, mkikutana ni kuchambua tu.

Mwalimu Mstaafu
Na shairi je? Shairi ni la sikio. Ukilisoma kimya kwenye simu hutajua mizani, yaani silabi za mstari, imepungua wapi.

Menengai_Juu
Mbona hakuna aliyetaja Hyrax Hill, kile kilima cha makumbusho? Unashukia barabara kuu ya Nairobi, unatembea kidogo. Kuna utulivu, na kwenye mwamba utaona mashimo ya bao yaliyochongwa na watu wa kale. Mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba pale 1937. Mkikosa la kuandika hapo, uzeni kalamu.

MamaPacha_Lanet
Watu kumi na mmoja walipe kiingilio kila Jumamosi? Amesema hata fotokopi imewashinda.

Shabab_58
Turudi kwa Mwalimu. Siku hizi nani anahesabu mizani?

Mwalimu Mstaafu
Anayeandika tarbia anahesabu. Mishororo 4 kila ubeti, kila mshororo mizani 16, yaani 8 ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 utao (nusu ya pili). Unagonga kidole mezani. Chukua hiki kipande: "Nimekuja na daftari." Nane kamili.

Njoro_Kwetu
Tisa. Da-f-ta-ri.

Mwalimu Mstaafu
Daf-ta-ri. Hiyo f haina irabu, itasimamaje peke yake?

Njoro_Kwetu
Kama m ya "mtu" inavyosimama. M-tu, mizani mbili, na wewe ndiye uliyetufundisha.

Mwalimu Mstaafu
M ya "mtu" inaimbika, unaweza kuivuta. Haya, imba f.

Shabab_58
Nimejaribu. Nimemrushia bosi mate.

KalamuYaBondeni
Wazee wangu, nashukuru, lakini wenzangu wanangoja ujumbe. Maktaba nimepita mchana, nimeambiwa nirudi Jumatatu nimwone mkubwa. Sasa Jumamosi hii tukutane wapi?

MamaPacha_Lanet
Popote ila hotelini. Ama njooni kwangu Lanet, nina viti vinne na mkeka. Sukari mje nayo.

Menengai_Juu
Lanet hiyo hiyo, na Hyrax Hill iko njiani.

Njoro_Kwetu
Da-f-ta-ri. Tisa. Muulizeni mshairi yeyote wa Pwani.