Kamera nafuu kwa taimulapsi ya masafa marefu: P950, G7 au Raspberry Pi?

Mtazamaji wa Mawingu
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Ninakusudia kupiga taimulapsi, yaani picha nyingi za vipindi sawa zinazounganishwa kuwa video, ya kitu kilicho mbali sana, na uwezo wangu ni mdogo. Nimebakiwa na chaguo tatu: Nikon P950 iliyotumika, ambayo lenzi yake huvuta hadi kiwango kinacholingana na milimita 2000, Panasonic G7 iliyotumika pamoja na lenzi ya milimita 100 hadi 300, au kamera ya HQ ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, iliyofungwa lenzi ya zamani. Ipi itanifaa zaidi?

FundiLenzi
Swali hili halijibiki lilivyo. Kitu chenyewe kiko umbali gani, na unataka kuonyesha upana gani? Utapiga kwa saa moja tu au tangu macheo hadi machweo? Je, mahali kamera itakapokaa pana umeme?

Kabla hujajibu, fanya hesabu hii: gawanya 36 kwa milimita za lenzi zikiwa zimegeuzwa kuwa za fremu kamili (sensa, yaani kipande kinachopokea picha, yenye upana wa milimita 36), kisha zidisha kwa umbali. Lenzi ya milimita 300 kwenye G7 ni sawa na 600, kwa hiyo kwa kilomita 10 utaona upana wa mita 600. P950 ikivutwa hadi mwisho itakuonyesha mita 180 tu. Wengi hununua masafa wasiyoyahitaji.

Shata Kimya
Mimi ninasimama na G7 bila kusita, na sababu yangu ni shata, yaani pazia linalofunguka na kujifunga kila picha inapopigwa. Ukipiga picha moja kila sekunde 10 mchana na usiku, unapata picha 8,640 kwa siku, na shata ya kawaida ya kamera za bei nafuu hukadiriwa kudumu kwa picha kama 100,000. Hazifiki hata wiki mbili. G7 ina shata ya kielektroniki ambayo haisogezi chuma chochote, na kipima vipindi, kinachoipigisha picha yenyewe kila baada ya muda uliopangwa, kimo ndani yake, hivyo huhitaji kununua kifaa cha ziada.

Kilele
Naomba nieleze yaliyonipata na kamera ya aina ya P950, yaani yenye lenzi isiyobanduka inayovutwa kwa mota. Niliifunga juu ya tripodi nzito, nikaivuta karibu na mwisho wake, nikailenga kwenye mnara ulio ng'ambo ya bonde, na saa za mwanzo zilikwenda vizuri mno. Betri ilipokwisha, lenzi ilirudi ndani yenyewe. Nilibadilisha betri bila kuigusa tripodi, nikawasha, na nikaivuta tena hadi namba ileile iliyoandikwa kwenye kioo. Lakini mnara ulikuwa umekua kidogo, na ulikuwa umesogea kushoto kiasi cha upana wake. Nilijaribu kuivuta mbele na kuirudisha nyuma kwa hatua ndogo kadiri kitufe kilivyoruhusu, na kila mara ilisimama mahali pengine. Kwenye video, mnara uliruka katikati ya mchana, na kulinganisha fremu kwa programu kulinilazimu kukata kingo za picha zote. Lenzi inayozungushwa kwa mkono unaweza kuibana kwa utepe, nayo ikabaki palepale hata kamera ikizimika.

Mtazamaji wa Mawingu
Ninashukuru, na ninajibu maswali ya FundiLenzi. Ni kilele cha mlima kilicho umbali wa kilomita 14. Ninataka kuonyesha mawingu yanavyozaliwa na kumomonyoka juu yake, upana wa kilomita moja na nusu hivi, tangu macheo hadi machweo. Umeme upo. Baadaye ningependa pia kuupiga mnara wa mawasiliano ulio juu ya kilele hicho.

FundiLenzi
Sasa tunazungumza. Kwa kilele unahitaji takribani milimita 336 za fremu kamili, yaani 168 kwenye G7. P950 kwa kazi hiyo ni masafa ya ziada kwenye sensa ndogo. Nunua betri bandia inayochomekwa kwenye umeme, na shida iliyompata mwenzetu Kilele haitakufika. Saa 12 kwa picha moja kila sekunde 10 ni picha 4,320, ambazo kwa fremu 25 kwa sekunde ni video ya karibu dakika tatu.

Waya na Msimbo
Mbona Raspberry Pi imepitwa kimyakimya? Sensa ya kamera ya HQ ina ulalo wa milimita 7.9, hivyo lenzi ya zamani ya milimita 50 hufanya kazi ya 275. Haina shata ya kuchakaa, na tundu la kupitishia mwanga la lenzi ya mkono halifunguki na kujifunga kila picha, jambo linaloondoa sehemu kubwa ya kule kupepesa kwa mwangaza kunakoharibu taimulapsi nyingi.

Shata Kimya
Pikseli za sensa hiyo zina upana wa mikroni 1.55. Lenzi nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa filamu hazina ukali wa kuzitosheleza, na utapata ukungu wenye megapikseli 12. Zaidi ya hapo, atahitaji kuijengea kasha la kuikinga na umande.

Waya na Msimbo
Video ya 4K ni megapikseli 8.3 tu. Akiipunguza picha, ukungu mwingi hautaonekana. Umande nao huiharibu G7 vilevile asipoifunga mkanda wa joto kwenye lenzi.

Upepo Mwanana
Mnabishania kioo, ilhali kinachoamua ni hewa. Ardhi ikishapata joto, hewa iliyo kati yenu na mlima huchemka kama maji ya sufuria, na mnara huo utapindapinda kwa lenzi yoyote mtakayonunua. Panda juu uwezavyo ili mstari wa kutazamia usipite karibu na ardhi, na mnara uupige alfajiri. Fedha zinazobaki ziende kwenye tripodi, na kizuia mtikisiko cha lenzi kizimwe.

Kilele
Hapo kwenye kuzima sikubaliani nawe. Kwenye upepo, kizuia mtikisiko kimeniokolea picha nyingi.

Upepo Mwanana
Picha moja moja, ndiyo. Katika taimulapsi kila fremu hutulia mahali tofauti kidogo, na ukizicheza pamoja mlima unaonekana unatetemeka. Afadhali ning'iniza uzito chini ya tripodi na uiwekee kizuizi cha upepo.

Mtazamaji wa Mawingu
P950 nimeiondoa kwa upande wa kilele, ingawa kwa mnara bado inanivutia. Shata Kimya, je, lenzi hiyo ya 100 hadi 300 hubaki imara ikiwa imebanwa kwenye 170, au huteleza joto linapobadilika?